Nyayo Ndani ya Nyayo: Jinsi Watu wa Kale Walivyofundishana

Laetoli, kusini mwa Bonde la Oldupai, kuna safari ya mita 27 hivi ambayo haijafutika kwa miaka milioni 3.66. Volkano ilikuwa imemwaga majivu, manyunyu yakanyesha juu yake, na ardhi ikawa kama saruji mbichi. Wakapita kanga, sungura, swala na tembo. Wakapita pia viumbe waliotembea kwa miguu miwili. Jua likaikausha ardhi, majivu mengine yakaifunika, na safari ile ikalala chini mpaka mwaka 1978, kikosi cha mwanaakiolojia Mary Leakey kilipoifukua.

Nyayo za mmoja wao ni ndogo, zimeenda pekee upande mmoja. Zile za upande wa pili ni kubwa, na zimevurugika kidogo kwenye kingo. Wataalamu walipozichunguza kwa makini walielewa sababu: aliyekuwa nyuma alikuwa akikanyaga palepale alipokanyaga wa mbele.

Hatujui walikuwa wakienda wapi. Lakini kila aliyewahi kuwa mtoto akimfuata mzazi wake kwenye njia ya utelezi anaijua hatua hiyo. Mguu wa aliyetangulia umeshaijaribu ardhi, nawe unaweka wako hapohapo.

Tumezoea kuianza historia ya elimu kwa shule. Tukiulizwa elimu ilianza lini Afrika Mashariki, mmoja atataja wamisionari, mwingine atataja vyuo na madrasa za pwani, na huko nyuma tunaacha giza. Giza hilo si la haki. Binadamu alifundisha kabla hajaandika na kabla hajalima. Tena upo ushahidi kwamba kufundishana ni miongoni mwa mambo yaliyomfanya awe binadamu, na sehemu kubwa ya ushahidi huo imelala katika udongo wetu.

Kichuguu cha Gombe

Ili kuona jambo hilo vizuri, tuanze na ndugu zetu wa karibu. Mwaka 1960, katika msitu wa Gombe kando ya Ziwa Tanganyika, mtafiti Jane Goodall alimwona sokwe akipenyeza ujani kwenye tundu la kichuguu, akautoa umejaa mchwa, akawala. Wakati huo wasomi waliamini kwamba kutengeneza zana ni kazi ya binadamu peke yake. Sokwe wa Gombe, wanaochuma kijiti, wakakipukusa majani na kukipeleka kichuguuni, wakaivunja imani hiyo.

Lakini tazama namna mtoto wa sokwe anavyojifunza kazi hiyo. Anakaa kando ya mama yake kwa miezi na miaka, anachungulia, anajaribu, anakosea. Watafiti wa Gombe waligundua kwamba watoto wa kike humtazama mama kwa muda mrefu zaidi kuliko wa kiume, na hujua kuvua mchwa mapema zaidi. Mama naye anaendelea kula. Ni nadra sana kumwona akisimamisha kazi yake ili amwoneshe mtoto. Sokwe mdogo anasoma, ila mara nyingi hana mwalimu.

Hapo ndipo njia zetu zilipoachana. Siku moja, mahali fulani, mzee mmoja alipunguza mwendo wa mkono wake kwa sababu kulikuwa na macho madogo yakimtazama.

Jiwe juu ya jiwe

Zana za mawe za kale kuliko zote zinazojulikana zilipatikana Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, na zina umri wa miaka milioni 3.3. Ni mawe makubwa yaliyopondwa kwa nguvu. Karibu miaka milioni moja baadaye, hukohuko Turkana, mahali paitwapo Lokalalei, kazi ilikuwa imebadilika. Wanaakiolojia walikusanya vibanzi vya mawe vyenye umri wa miaka milioni 2.34 na kuviunganisha kimoja baada ya kingine, kama mtu anayeunganisha vigae vya chungu kilichovunjika. Jiwe lilipokamilika, historia yake ikasomeka: mfuaji alikuwa amebandua makumi ya vibanzi kutoka jiwe moja kwa mpangilio uleule, akiligeuza na kuutunza uso wake ili lisiharibike kabla hajamaliza.

Atakayeona hiyo ni kazi ndogo na aokote mawe mawili mtoni ajaribu. Ukilipiga jiwe katikati, unaumia kiganja na jiwe linabaki zima. Lazima utafute ukingo wenye pembe iliyo chini ya nyuzi 90, upige karibu na ukingo huo, na mkono uende kwa mshuko wa haraka bila kusitasita. Hapo kibanzi kinaruka, chembamba, chenye makali ya kuchuna ngozi ya swala. Ukikosa pembe kwa kiasi kidogo tu, jiwe linabaki na kinundu, na baada ya makosa machache linakuwa la kutupa.

Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio la ufuaji wa zana za aina hii, iitwayo aina ya Oldupai. Waliwachukua watu 184 na kuwagawa katika njia tano za kujifunza. Wengine walipewa mawe na sampuli ya vibanzi tu. Wengine walimtazama mtu akifua. Wengine walisaidiwa kwa kuwekwa mikono sawa, wengine kwa ishara, na wa mwisho kwa maneno. Aliyejifunza ndiye aliyemfundisha wa baada yake. Waliotazama tu hawakuwazidi sana wale walioachwa na mawe yao. Waliofundishwa kwa ishara waliinuka, na waliofundishwa kwa maneno waliinuka zaidi. Watafiti hao wakatoa hoja kwamba huenda haja ya kufundisha ufundi wa mawe ni mojawapo ya nguvu zilizoisukuma lugha ya binadamu izaliwe.

Mswahili hapaswi kushangaa. Katika lugha yetu, *fundi* na *kufundisha* ni ndugu wa shina moja. Anayejua kazi na anayeipitisha kazi tuliwapa jina la ukoo mmoja tangu zamani.

Mashoka ya Isimila

Karibu na mji wa Iringa kuna korongo kavu la Isimila, lenye nguzo za udongo zilizochongwa na mvua. Chini ya nguzo hizo yamelala mashoka ya mkono, mawe yaliyochongwa pande zote mbili mpaka yakapata umbo la tone la maji. Olorgesailie, kusini magharibi mwa Nairobi, yapo mengi kiasi kwamba wageni hupita juu ya daraja la mbao wasiyakanyage.

Mashoka ya aina hii yalianza kufuliwa zaidi ya miaka milioni 1.7 iliyopita, na kazi hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka milioni moja. Ukishika shoka mkononi unaelewa kwamba aliyelichonga alikuwa nalo kichwani kabla hajapiga pigo la kwanza. Umbo halimo ndani ya jiwe. Limo ndani ya mtu, na lilitiwa humo na mtu mwingine. Vizazi vilikuja vikafa, tabianchi ikabadilika, maziwa yakakauka na kujaa tena, na umbo lile likaendelea kupita kutoka mkono hadi mkono. Hakuna chuo chochote duniani kilichowahi kudumu na mtaala mmoja kwa muda kama huo.

Kisha mtaala ukabadilika. Olorgesailie hiyohiyo, kufikia miaka kama 300,000 iliyopita, yakawa yametoweka mashoka makubwa na zikaja zana ndogo zilizofuliwa kwa uangalifu, nyingine kwa jiwe jeusi la kioo cha volkano. Jiwe hilo halipatikani hapo. Lilitoka umbali wa kilomita 25 hadi 90 hivi. Zikaonekana pia rangi za udongo, nyekundu na nyeusi, zilizosagwa. Watu sasa walikuwa na majirani wa mbali, na kwa majirani hao mtoto alipaswa kujifunza mambo mengine: nani ni ndugu, nani ni mgeni, na mgeni anasalimiwaje.

Darasa la usiku

Moto ulikuwa umeshaingia katika maisha ya watu. Ndani ya pango la Wonderwerk, Afrika Kusini, kuna majivu na mifupa iliyoungua yenye umri wa miaka milioni moja. Moto ulipika chakula na kumfukuza simba, na zaidi ya hayo uliongeza saa kwenye siku. Baada ya jua kuzama, pakawa na mwanga ambao haukufaa kuwinda wala kuchimba mizizi. Ulifaa kukaa na kusema.

Mwanaanthropolojia Polly Wiessner alilinganisha mazungumzo ya mchana na ya usiku ya jamii ya Wajuhoansi wa Namibia na Botswana, ambao waliishi kwa kuwinda na kukusanya. Mchana walizungumza zaidi kuhusu kazi, na kulalamikiana. Hadithi zilikuwa asilimia 6 tu. Usiku, kando ya moto, asilimia 81 ya mazungumzo ilikuwa hadithi. Watoto walilala mapajani mwa wazazi huku wakisikia habari za ndoa, safari, ugomvi uliosuluhishwa na watu wa mbali ambao hawajawahi kuwaona.

Kila aliyekulia kijijini kwetu anakijua kipindi hicho. Bibi anasema paukwa, watoto wanaitikia pakawa, na jiko bado lina makaa. Hakuna aliyeandikishwa, na hakuna aliyekosa kuhudhuria.

Bibi na watoto

Kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanaishi Wahadzabe, watu wanaozidi 1,000 kidogo. Wao ni watu wa leo kama sisi. Wana historia yao, na baadhi wana simu. Si sahihi kuwaita masalia ya kale. Lakini wale kati yao wanaoendelea kuishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi wanatuonesha jinsi elimu inavyokwenda pale ambapo pori ndilo ghala.

Tangu miaka ya 1980, mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake walihesabu nani huleta chakula kambini. Waliona kwamba wanawake wazee, waliokwisha kupita umri wa kuzaa, hutoka kuchimba mizizi kwa saa nyingi kila siku, katika ardhi ngumu yenye mawe. Mama anaponyonyesha mtoto mchanga, ni chakula cha bibi kinachomkuza mjukuu aliyeachishwa ziwa. Kwa hoja yao, huenda ndiyo maana mwanamke huishi miaka mingi baada ya ukomo wa uzazi, jambo ambalo ni nadra kwa wanyama. Nami naongeza: bibi hakubeba mizizi peke yake. Alibeba pia miaka ya ukame aliyoikumbuka, na miti iliyozaa wakati mingine ilipokataa.

Watoto nao hutoka kwa makundi, wakubwa na wadogo pamoja. Wanapasua ubuyu kwa jiwe, wanachuma matunda, wavulana wana pinde ndogo za kulengea ndege. Utafiti uliofanywa kwa Wahadzabe na kwa Wabayaka wa Kongo ulionesha kwamba katika kazi za kutafuta chakula, mtoto kumfundisha mtoto hutokea mara nyingi kuliko mtu mzima kumfundisha mtoto. Mtoto wa miaka tisa alijifunza juzi tu, kwa hiyo anakumbuka mahali penye ugumu. Mchezo wao ni kazi, na kazi yao inaliwa jioni.

Mtoto wa Panga ya Saidi

Katika vilima vya Kaunti ya Kilifi, si mbali na bahari, kuna pango la Panga ya Saidi. Hapo, mita tatu hivi chini ya sakafu ya leo, wanaakiolojia wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao walikuta shimo dogo lenye mifupa laini kiasi kwamba haikuweza kuguswa. Wakalipaka plasta bonge zima la udongo na kulisafirisha hadi maabara. Taarifa ilipochapishwa Mei 2021, dunia ikaambiwa kwamba hili ndilo kaburi la kale kuliko yote yanayojulikana Afrika, lenye miaka 78,000. Aliyezikwa alikuwa na umri wa miaka miwili na nusu au mitatu. Wakampa jina la Kiswahili: Mtoto.

Alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Namna mifupa ya bega na mbavu ilivyokaa inaonesha mwili ulifungwa kwa sanda, labda ya majani au ngozi. Kichwa kiliinama kwa namna inayoonesha kilikuwa juu ya mto ambao ulioza zamani. Miaka 78,000 iliyopita, mtu alimwekea mtoto mto.

Hakuna anayezaliwa akijua kuzika. Waliomlaza yule mtoto walikuwa wamejifunza kwamba maiti ya mpendwa haitupwi, na pengine watoto wengine walisimama pale mdomoni mwa pango wakitazama mikono ya wakubwa. Hilo nalo ni somo, na limetufikia. Hata leo pwani hiyohiyo, Waislamu huulaza mwili ubavu wa kulia na kuuvika sanda. Sisemi kwamba desturi moja imezaa nyingine, maana kati yake kuna makumi ya maelfu ya miaka na dini iliyokuja na mafundisho yake yenyewe. Ninasema kwamba heshima kwa marehemu si ugeni katika ardhi hii.

Watu wa zamani hizo walikuwa na mapambo yao pia. Watu wa Afrika Mashariki na wa Kusini walitengeneza shanga kwa maganda ya mayai ya mbuni: walivunja kipande, wakakitoboa kwa ncha ya jiwe, wakakisugua kingo mpaka kikawa duara. Watafiti waliopima shanga zaidi ya 1,500 kutoka pande hizo mbili walikuta kwamba kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita, mtindo ulikuwa mmoja kwa umbali wa kilomita 3,000. Mtindo hausafiri bila watu, na watu hawaupokei bila kuoneshwa.

Picha zinazofunda

Ukipanda miamba ya Kolo, wilayani Kondoa, unakuta twiga, pofu na watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu na wawindaji wa zamani. Juu yake kuna michoro myeupe ya watu waliokuja baadaye na mifugo na mashamba. UNESCO iliiingiza miamba hiyo katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na wenyeji bado hupanda huko kwa matambiko.

Mwaka huohuo iliingizwa pia miamba ya Chongoni nchini Malawi. Huko tunajua vizuri zaidi picha zilikuwa za nini, kwa sababu michoro myeupe ya wanawake wa Kichewa iliambatana na unyago wa wasichana, na mila yenyewe ipo hai. Tanganyika nayo ilikuwa na vifaa vyake: Wazigua na jirani zao walifinyanga sanamu ndogo za udongo kwa ajili ya jando na unyago, na sanamu ikaenda na wimbo wake na fumbo lake. Mtafiti Hans Cory alizikusanya na kuzichapisha kitabuni mwaka 1956. Mwari alioneshwa sanamu, akaimbiwa, akaachwa afikiri. Hicho ni kitabu cha kiada, ila kurasa zake ni udongo.

Pwani, mwanamke anayemfunda mwari huitwa kungwi, au *somo*. Neno lilelile ndilo tunaloliandika leo kwenye ratiba ya shule juu ya Hisabati na Jiografia. Kabla somo halijawa kipindi cha dakika 40, lilikuwa mtu.

Bao la udongo la Nippur

Shule ya vyumba na maandishi ilichelewa sana. Kusini mwa Iraki ya leo, maandishi yalianza kiasi cha mwaka 3300 kabla ya Kristo, na miaka 1,500 baadaye, katika mji wa Nippur, palikuwa na nyumba ndogo ya matofali ya udongo ambamo watoto walifundishwa uandishi. Wachimbaji walioifukua mwaka 1951 na 1952 walikuta humo vipande kama 1,400 vya mabao ya udongo, na pipa lililojengwa la kuloweka mabao yaliyokwisha kutumika ili udongo ufinyangwe upya. Katika baadhi ya mabao mwalimu aliandika upande wa kushoto, na mwanafunzi akanakili kulia. Upande wa mwanafunzi umechakaa kwa kufutwa na kuandikwa tena.

Maandishi yalikuwa nguvu kubwa. Mtu aliyekufa aliweza kufundisha, na deni halikutegemea tena kumbukumbu ya mdaiwa. Lakini kulikuwa na gharama. Walioingia humo walikuwa wachache. Lugha iliyofundishwa ilikuwa Kisumeri, ambacho wakati huo hakikuwa tena lugha ya nyumbani ya watoto hao. Na miongoni mwa insha walizonakili, ipo inayosimulia mwanafunzi aliyechapwa mara kadhaa kwa siku moja. Mtoto akafundishwa kwa lugha asiyoiota usingizini, akaogopa kiboko. Msomaji wa Afrika Mashariki ataitambua shule hiyo bila kuoneshwa picha yake.

Tuliorithi

Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliwakumbusha Watanzania kwamba Afrika kabla ya ukoloni haikuwa na shule, ukiacha vipindi vifupi vya jando na unyago katika baadhi ya makabila, lakini watoto walielimishwa: walijifunza kwa kuishi na kwa kutenda. Alisema hivyo kwa hoja ya siasa ya wakati wake. Udongo wa Turkana, Olorgesailie na Kilifi umeongeza uzito wa hoja hiyo, na kuirudisha nyuma mamilioni ya miaka.

Sitamani turudi porini. Mtoto wa leo anahitaji kusoma, kuhesabu na kuelewa sayansi, na shule ndiyo mahali pake. Ninachokataa ni wazazi kuamini kwamba wakishalipa ada wamemaliza kazi, na walimu kuamini kwamba mtoto anayefika darasani ni chungu kitupu. Kati ya jiwe la Lomekwi na bao la Nippur ilipita zaidi ya miaka milioni 3.2, na muda wote huo elimu ilibebwa na mzazi, bibi, ndugu mkubwa na fundi wa jirani. Walifundisha kwa kukaa karibu, kwa kumwachia mtoto ashike mwenyewe, na lugha ilipozaliwa, kwa lugha ya nyumbani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kazi yoyote unayoijua, ya kusuka ukili, kufunga nanga, kutengeneza pikipiki au kupika pilau, kesho ifanye ukiwa na mtoto pembeni, na upunguze mwendo wa mkono.

Aliye nyuma yako anatafuta mahali pa kuweka mguu.